Komeo la Ndani

Habari ya kifo cha Papa Bisimwa ilinikuta mahakamani, simu ikitetemeka mfukoni mwa joho langu la uwakili wakati mwenzangu akiendelea kusema. Niliisoma baadaye, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za nje. Mtu wa nyumbani kwake alikuwa ameandika hivi: "Muzee alitutoka leo asubuhi. Maman anauliza kama utakuja." Nilikaa pale na simu mkononi. Sikuwa mtoto wa nyumba ile. Nilikaa kwao miezi michache tu, nilipokuwa msichana wa chuo, na nilitoka humo mchana kweupe, godoro langu la sponji likiwa juu ya kichwa changu mwenyewe, majirani wakiangalia. Tangu hapo mimi na marehemu tulisalimiana kwenye mlango wa kanisa kwa heshima na haraka, kama watu ambao kila mmoja anajua mwenzake anajua kitu. Kwa hiyo kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni. Nilijiuliza Maman Léontine, mke wake, ananitafutia nini baada ya miaka yote hii. Wanangu wananicheka kwa tabia hiyo. Wanasema mama yao akipewa zawadi anaigeuza kwanza kuangalia chini yake. Wana haki ya kucheka, lakini hawakuwepo mwaka ule.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa graduat, digrii yetu ya kwanza, kitivo cha sheria. Kozi iliyokuwa inatutisha kuliko zote ilikuwa ya makosa ya jinai, na profesa wetu, mwanaume mwembamba mwenye sauti iliyokauka, alitumia sehemu kubwa ya mwaka juu ya wizi peke yake. Alisema mauaji yanagusa nyumba chache, lakini kuibiwa kunagusa kila nyumba, kwa hiyo tutalijua vizuri neno hilo au turudi makwetu kulima. Alilikata vipande mbele yetu jinsi mpishi anavyokata samaki: kuchukua, kuchukua kitu, kitu cha mtu mwingine, kwa nia mbaya. Kipande kimoja kikikosekana hakuna wizi, hata kama mtaa mzima unalia. Halafu yakaja mambo yanayoongeza uzito: kuvunja mlango, kupanda ukuta, kutumia ufunguo wa bandia, kuingia usiku ndani ya nyumba inayokaliwa, kupiga mtu, kushika silaha. Alipofika kwenye silaha alishusha sauti, na sisi tukashusha macho, maana miaka ile watu wenye bunduki walikuwa wanaingia nyumba za Bukavu na hakuna aliyetaka kusema kwa sauti anadhani ni akina nani. Siku moja aliweka saa yake ya mkono juu ya meza ya mbele, akatoka nje, akarudi, akasema saa haipo. Alituacha tuteseke kidogo, kisha akaitoa mfukoni mwake. "Mumeona?" alisema. "Kila mmoja amemuangalia jirani yake. Na hakuna aliyeiba." Tangu siku ile tulianza kuficha hata kalamu zetu. Na mimi nilirudi nyumbani nikimtazama kila mtu niliyekutana naye njiani kana kwamba ana saa yangu.

Nyumba yenyewe ilikuwa Muhungu, juu ya mteremko, mahali ambapo ukiinama kidogo dirishani unaona kipande cha ziwa katikati ya mabati ya watu. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jikoni. Kilikuwa na harufu ya moshi wa makaa na ya sambaza, vile visamaki vidogo ambavyo Maman Léontine alikuwa anavikaanga mpaka vinalia kama majani makavu. Papa Bisimwa alikula sebuleni peke yake, mgongo ukiwa wima, redio ikiwa imezimwa kwa heshima ya chakula. Alikuwa kiongozi wa shirika letu la Wakristo pale mtaani, mtu wa kuamua ugomvi wa mipaka na wa wake na waume, na sauti yake ilikuwa inafika kila chumba hata alipoongea polepole. Mimi na maman tulikula jikoni, bugali katikati yetu, sombe ya majani ya muhogo pembeni. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa ananisukumia vichwa vya samaki kwa sababu alijua navipenda, na mara nyingine aliniuliza nimesoma nini. Nikimwambia habari za funguo za bandia na za kupanda ukuta, alikuwa anasikiliza huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine.

Ukuta wa kitanda changu ulikuwa pia ukuta wa depo, chumba kidogo ambamo Papa alikuwa anahifadhi marobota ya vitenge ambayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya Maman Asha, mfanyabiashara wa Nyawera, Mwislamu wa familia ya Uvira ambayo babu zao walitoka pwani. Duka lake lilikuwa limeshaingiliwa na watu wenye silaha, na alikuwa amechoka kuogopa, basi alimwomba Papa Bisimwa amuwekee mali yake. Nani angekwenda kutafuta vitenge vya Nyawera kwa kiongozi wa shirika, juu kule Muhungu? Depo ilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitazama uani, una kufuli kubwa nje na komeo la chuma ndani. Mwingine ulitokea kwenye ukumbi mdogo wa ndani ya nyumba, na ufunguo wake alikuwa nao Papa peke yake, umefungwa kwa kamba kwenye mkanda wa suruali. Nilikuwa nausikia ukigonga kila alipopita.

Wiki moja kabla ya mambo kutokea alikuja mgeni kutoka Kamanyola, mwanaume mnene mwenye viatu vyenye vumbi jeupe la bonde la Ruzizi. Alikaa sebuleni na Papa muda mrefu. Mimi na maman tulikuwa jikoni tukichambua maharage, na kupitia pazia nikasikia Papa akisema, "Lundi. Kamyo ikuye lundi, si mbele." Alikuwa anazungumzia lori la Jumatatu. Mgeni aliuliza kitu, nikasikia tena, "Hiyo ni shida yangu. Nitasema ni basoda." Basoda, yaani wanajeshi. Nilimwangalia maman. Mkono wake ulikuwa umesimama ndani ya ungo. Kisha ukaanza tena kuchambua, na mimi nikafikiri hakusikia.

Jumapili tulikwenda misa ya kwanza sote watatu. Nakumbuka Maman Léontine aliimba kwa nguvu kuliko kawaida. Tuliporudi, kufuli la depo lilikuwa chini, limepasuliwa, mlango wa uani uko wazi, na ndani hapakuwa na kitu ila magunia yaliyotandikwa sakafuni. Papa Bisimwa aliingia, akatoka, akaingia tena. Kisha akakaa kwenye kizingiti na suti yake ya kanisani, jasho likimshuka mpaka kwenye kola, mdomo ukifunguka bila sauti. Niliuangalia uso ule kwa makini ya mwanafunzi. Nilijiambia: huyu hajashangaa jinsi mtu aliyeibiwa anavyoshangaa. Kuna kitu kingine humo.

Majirani walijaa uani kabla hajasimama. Mwanamke mmoja wa nyumba ya chini akapaza sauti: "Nilimuona! Nilimuona na macho yangu! Janvier alipita hapa na muzigo ku kichwa, batu bote bakiwa ku misa!" Janvier nilimfahamu kwa kumuona tu. Alikuwa mbeba mizigo wa bandarini, mtu mzima wa miaka kama thelathini, aliyewahi kufungwa kwa sababu ya mfuko wa saruji uliopotea kwenye boti ya Kalehe. Hiyo ilitosha. Vijana waliteremka mbio, na tulisikia kelele zikishuka, zikatulia, kisha zikaanza kupanda kuja kwetu. Walimleta wakimvuta. Mzigo wake ulikuwa nguo alizokwenda kufua, bado mbichi, na waliumwaga kwenye matope ili kutafuta vitenge ndani. Hawakuvipata, na kutovipata kuliwakasirisha zaidi. Mtu alimpiga mguuni kwa mchi. Nilisikia mfupa. "Mwizi! Mwizi!" Sauti zilikuwa nyingi mpaka neno likapoteza herufi zake. Halafu nikaona mvulana akibingirisha tairi kutoka barabarani, na nyuma yake mwanaume ana chupa ya petroli, na hakuna aliyemuuliza anaipeleka wapi.

Sikuwa shujaa. Nilirudi nyuma kwa woga, mpaka nikajikuta ndani ya depo, mgongo umeegemea mlango. Ndipo mkono wangu ukagusa komeo. Lilikuwa limefunguliwa, limevutwa vizuri mpaka mwisho, halina mkunjo, skrubu zake ziko imara kwenye mbao. Kufuli lilikuwa limevunjwa nje, sawa; lakini mtu akivunja kufuli la nje anakutana na komeo la ndani, na komeo lile hakuna aliyelivunja. Mtu alilivuta kwa mkono, akiwa ndani ya nyumba. Nilitoka nikamshika mkono mzee mmoja mwashi, jirani yetu aliyeheshimiwa, nikamvuta kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. "Papa, kuya uone! Kuya uone komeo!" Aliingia, akainama, akapitisha kidole juu ya chuma, akajaribu kulisukuma na kulivuta. Kisha akasimama mlangoni na kusema kwa sauti yake ya kazini: "Acheni kwanza. Mutoto anasema kweli. Huku balifungulia ndani."

Sijui kama umewahi kusikia umati ukibadilisha mawazo. Macho yote yaliacha kumtazama mtu aliyelala matopeni yakageukia nyumba: mlango, dirisha la sebule, Papa Bisimwa. Aliyekuwa na chupa aliishusha. Hapo polisi wawili walifika, kwa kuchelewa kama kawaida yao, wakamchukua Janvier maana yeye ndiye aliyekuwa ameshapigwa tayari, na kila mtu akaona ni njia nzuri ya kwenda nyumbani kwake. Papa aliinuka akanijia mpaka karibu. "Unasema nini mu nyumba yangu?" aliuliza, polepole sana. Lakini hakunitazama. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, upande wa jikoni, na nilidhani anatafuta maji.

Kabla jua halijafika upande wa pili wa ua, Maman Léontine alikuja chumbani kwangu. "Kusanya bintu yako, Furaha. Muzee anasema usilale tena hapa." Alinifungia sambaza kwenye jani la mgomba, akalifunga mara mbili. Kisha akasema kwa haraka, uso ukiwa kwenye dirisha: "Enda kwa Maman Asha, ku Nyawera. Mwambie ni miye nilikutuma." Nilishuka Muhungu na godoro kichwani nikirudia jambo hilo kwa kila hatua. Kwa nini mke wa mtu aliyepoteza mali anipeleke kwa mwenye mali iliyopotea?

Maman Asha alinipokea kana kwamba alikuwa ameshatandika kitanda. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito, mwenye hina kwenye kucha, na Kiswahili chake kilikuwa na utaratibu ambao sisi wa milimani tulikuwa tunaucheka na kuutamani. Nyumba yake ilikuwa na mazulia, picha ya Makka kwenye fremu, chai ya tangawizi saa zote. "Kula kwanza, mwanangu. Maneno baadaye." Hakulilia mali yake. Hilo ndilo lililoanza kunisumbua. Nimeona watu walioibiwa: wanahesabu, wanalaani, wanasimulia upya kwa kila mgeni anayeingia. Yeye alikuwa anakunja chapati na kuuliza kama godoro langu linatosha. Ijumaa ya kwanza alipika pilau, akajaza bakuli lenye kifuniko, akanipa. "Mpelekee yule Janvier, kule alikofungwa." Nilimwangalia. "Janvier mwenye wanasema alikuibia?" Alifunga bakuli kwa kitambaa. "Wanasema," alijibu.

Nilikwenda Ijumaa zote. Mara ya kwanza Janvier aliletwa kwenye kibaraza akiruka kwa mguu mmoja, mwingine umefungwa kwa vipande vya mbao na kitambaa kichafu. Alinusa pilau, mate yakamjaa, lakini hakugusa. "Kula weye kwanza," aliniambia. Nilikula kijiko. "Na nyama." Nikala nyama. Alinitazama nikitafuna mpaka nikameza, akasubiri kidogo kuona kama nitaanguka, ndipo akavuta bakuli. Alikula akiwa amekasirika. "Juu ya nini mutu mwenye balimuibia ananitumia pilau?" Nikamwambia hata mimi najiuliza. "Weye ndiye ulisema habari ya komeo," alisema. "Niliskia, nikiwa chini pale. Sasa sheria yenu inasema nini juu ya mutu mwenye hakufanya kitu?" Nilianza kumwambia kwamba ataachiwa kama hakuna ushahidi. Alitikisa kichwa. "Hapana kuachiwa. Ile naijua. Nauliza, inasema nini?" Nilirudi Nyawera na bakuli tupu.

Na siku moja adhuhuri, nikitandaza nguo kwenye kamba nyuma ya nyumba, nilisikia Maman Asha akiongea na kaka yake aliyefika kutoka Uvira. "Vimefika salama vyote," alisema. "Hata vile vya maua ya buluu. Lakini usiseme mbele ya huyu mtoto wa sheria." Nilibaki na shati mkononi, likinidondokea maji miguuni. Basi! Niliona kila kitu. Papa Bisimwa alivuta komeo, Maman Asha alituma gari, na wote wawili walimchezea mtu mwingine, labda tajiri wa Kigoma aliyempa bidhaa. Na pilau ya Janvier ilikuwa dawa ya dhamira. Kila kitu kilikaa mahali pake. Tangu hapo nilikula chakula cha yule mama nikitafuta ladha nyingine ndani yake. Nilikuwa nalaza kiti nyuma ya mlango wa chumba changu. Alipoingia kuniletea chai nikisoma nilifunga kitabu, kana kwamba kingemfunza njia ya kuiba.

Hatimaye nilimuuliza. Tulikuwa tunachagua mchele. "Maman Asha, vitenge vyako viko wapi?" Hakushtuka. Alipuliza pumba, akaangalia punje kwenye kiganja chake. "Unasoma habari za wizi, mwanangu. Soma. Ufaulu. Mimi siwezi kukujibu, maana jambo hili si langu peke yangu." "Janvier ana mguu uliovunjika," nilisema. Hapo uso wake ulibadilika, akaweka ungo chini. Kesho yake alivaa buibui lake la heshima akaenda mwenyewe kwa polisi kusema yeye hana malalamiko juu ya mtu yeyote. Walimzungusha wiki kadhaa, lakini Janvier aliachiwa, bila karatasi, bila pole. Niliona mgongo wake ukishuka barabara ya Kadutu, bega moja likizama kila hatua. Na mimi, badala ya kumshukuru Maman Asha, nilijiambia kwamba amejisalimisha nusu.

Kwenye mtihani wa mdomo profesa aliniuliza kwa nini sheria inaona wizi wa usiku kuwa mzito zaidi. Nilimjibu vizuri, kisha nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba kwa maoni yangu saa ya misa ya Jumapili ni usiku pia, kwa sababu mtaa mzima haupo. Alinitazama juu ya miwani. "Hiyo haiko mu kitabu, mademoiselle." Lakini alinipa alama. Nilifaulu, nikahama, nikaendelea na maisha. Maman Asha alifariki nikiwa tayari wakili. Nilikwenda kumzika nikiwa bado ninamshuku, na nililia kweli, na mambo hayo mawili hayakugombana ndani yangu.

Matanga ya Papa Bisimwa yalikuwa chini ya turubai, uani pale pale. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa mahali ambapo Janvier alilala. Niliingia ndani kutoa pole. Maman Léontine alikuwa kwenye mkeka, amevaa nyeusi, amekonda, macho yakiwa makavu. Aliwatuma wanawake waliokuwa naye wakalete maji, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukabaki wawili.

"Unakumbuka ule mugeni wa Kamanyola?" aliuliza.

"Namkumbuka."

"Alikuya kununua mabalo ya bitenge ya Asha. Muzee alikuwa na mwanamuke kule Kamanyola, alikuwa anamujengea nyumba. Kamyo ilipashwa kufika lundi. Angesema ni basoda ndio balibeba, na nani angebisha?" Alinyoosha kitambaa juu ya magoti. "Ile samedi, siku moja mbele ya misa, saa alikuwa anaoga, nilitwaa ufunguo mu suruali yake. Niliingia mu depo nikavuta komeo, nikarudisha ufunguo. Nilikuwa nimeshamujulisha Asha. Ni ile tu nilifanya. Asha alituma batoto ya ndugu yake saa ya misa. Bale ni baislamu, dimanche habana kazi ku kanisa. Balivunja kufuli juu muzee azanie ni bezi."

Nilikaa kwenye mkeka. Miaka yote nilikuwa nimemhukumu marehemu kwa kuiba, na Maman Asha kwa kumsaidia, na kumbe jasho lile la kwenye kizingiti lilikuwa la mtu aliyetanguliwa. Mali ilirudi kwa mwenye mali. Vipande vya profesa nilivipanga tena kichwani, na kile cha tatu hakikuwepo: hakuna kitu cha mtu mwingine kilichochukuliwa. Hapakuwa na wizi siku ile. Papa alikuwa ametaka tu, na sheria haifungi kutaka.

"Alijua?" niliuliza.

"Ile saa ulisema komeo, alinitazama. Niliona amejua. Lakini hakuniuliza, na miye sikumwambia. Alianza kulala na ufunguo mu soksi. Mpaka juzi, Furaha. Tulikuwa tunakula, tunasali, na kila mutu anasikiliza namna mwenzake anapumua."

"Na Janvier?"

Alishusha sauti, maana wanawake walikuwa wanarudi na ndoo. "Nilikuwa mu jikoni. Niliona tairi ikipita. Nilijisemea nitatoka, nitasema. Nilikuwa nimeshika mulango. Halafu ulisema weye. Kama haungesema, ningesema? Ndiyo kitu najiuliza. Sijue. Mpaka leo sijue." Kisha: "Eko muzima?"

"Eko. Anashona viatu Kadutu."

"Matanga ikiisha, unipeleke."

Hata hapo, nakiri, nilijiuliza anataka nini: msamaha, usingizi, kifo chepesi? Lakini nilimpeleka. Tuliteremka vichochoro vya Kadutu polepole, yeye akinishika kiwiko. Janvier alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake ya mbao, mguu mmoja umenyooshwa, kiatu cha mwanafunzi mapajani. Mvi zilikuwa zimemjaa. Mimi alinitambua mara moja. "Maître," alisema, jinsi mawakili wanavyoitwa kwetu, akamtazama niliyefuatana naye, na sindano ikasimama. Tuliingia ndani. Maman aliomba mlango ufungwe. Alimwambia yote, kwa sauti ndogo, akitazama sakafu: mgeni, ufunguo, komeo, misa, tairi, jikoni. Janvier alikuwa amekuja na kile kiatu na aliendelea kukigeuza mikononi.

Alipomaliza, Janvier alikohoa. "Maman," alisema, "miye najua sikuiba. Nilijua toka ile siku. Ile habari haiko ya kuniambia miye." Alielekeza kidevu kwenye pazia la chumba cha pili. "Iko mutoto yangu hapa, Neema, anafundisha batoto ku primere. Mwaka jana baba na mama ya kijana moja balikuya kumuposa. Tulikunywa fanta. Kisha balipita pale ku robine, ku maji, bakauliza huyu papa ni nani, bakajibiwa ni mwizi. Habakurudi tena." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeonyesha mahali paa linapovuja. Kisha akapaza sauti: "Neema! Kuya. Mwite na kaka yako."

Walitoka, msichana mwenye kalamu nyekundu mkononi na kijana mrefu aliyelazimika kuinama chini ya boriti. Maman Léontine alivuta pumzi aanze tena, lakini Janvier aliinua mkono. Aliegemea ukuta, akajivuta mpaka mlangoni kwa mguu wake ule, akausukuma mlango mpaka ukagonga ubao wa nje. Mwanga uliingia wote. Pale bombani wanawake waligeuza vichwa, mitungi ikiendelea kujaa.

"Ile siku bote balisema mwizi kwa nguvu," alimwambia. "Mpaka ku barabara balisikia. Na weye sema kwa nguvu."

Nilidhani atakataa. Nilikuwa hata nimeshaanza kumtafutia maneno ya kumtetea, kwa mazoea ya kazi. Lakini aliniachia kiwiko, akavuka kizingiti peke yake, akasimama uani na nguo zake nyeusi.

"Miye ni bibi ya Bisimwa wa Muhungu," alisema. "Huyu mutu hakuiba."

Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika. Mwanamke mmoja bombani aliuliza mwenzake amesema nini.

"Zaidi," alisema Janvier.

Na maman akaanza tena.